Mageti Mawili Chini ya Uluguru

Mwezi wa sita Morogoro hupoa. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na asubuhi wingu jeupe hulala katikati ya mlima mpaka saa tatu, wakati mwingine saa nne. Stendi ya Msamvu haisubiri wingu liondoke. Mabasi ya Dodoma, Iringa, Mbeya na Dar es Salaam yanapishana kwa vishindo vya breki, wapiga debe wanashika mizigo kabla ya kuruhusiwa, wauza mayai ya kuchemsha na korosho wanainua beseni zao mpaka usawa wa madirisha. Harufu ni ya dizeli, chapati na vumbi lililomwagiwa maji. Upande wa kusini, juu ya mabati yote, kilele cha Lupanga katika milima ya Uluguru kinapanda zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, kijani kilichokolea mpaka kukaribia weusi. Mji umetandazwa chini yake. Wenyeji wanauita mji kasoro bahari, na asubuhi ile, huku maji ya mlimani yakisikika mtaroni kando ya barabara, niliona wana haki ya kujisifu.

Nilikuwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha sita mwezi wa tano na kukaa nyumbani Njombe akisubiri matokeo. Ni Mlutheri, mtoto wa mzee wa kanisa, ameimba kwaya tangu shule ya Jumapili. Anataka kuwa mwalimu wa kemia na baiolojia. Shahada anayoitaka inafundishwa Morogoro mara mbili: katika chuo kikuu cha Waislamu, kisicho mbali na Msamvu, na katika kampasi ya Mazimbu, iliyo tawi la chuo kikuu cha serikali, kile cha kilimo kilichopewa jina la Sokoine. Shahada ileile, mji uleule, kutoka geti moja hadi jingine ni mwendo wa bodaboda. Matokeo yakitoka anaweza kuomba vyote viwili. Vikimchukua vyote, atatakiwa kuthibitisha kimoja, kwa simu, kwa kubonyeza tarakimu chache akiwa amekaa sebuleni kwao. Nilitaka kabla ya kubonyeza awe ameviona kwa macho.

Dada yangu hakukataa safari. Aliuliza tu kama kule kwa Waislamu mtoto ataachwa kama alivyo. Mpwa wangu hakumjibu, naye alikuwa na swali hilohilo.

Ilikuwa Ijumaa. Tulichagua Ijumaa makusudi, kwa sababu ukitaka kujua nyumba ya watu itakupokeaje, nenda siku yao kubwa.

Getini alikaa mlinzi mtu mzima, sweta la kijivu juu ya sare, daftari la wageni mbele yake na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mpwa wangu alimsabahi shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akatuuliza tunatoka wapi na tumefuata nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe, kama ana mtandio. Binti alikuwa na kitenge ndani ya mkoba. Akakitoa, akajifunga kichwani kwa namna wanawake wa kwao wanavyojifunga wakienda msibani, akaandika jina lake kwenye daftari. Kwenye safu ya dini hakukuwa na cha kuandika. Safu hiyo haikuwepo. Nilimwona akiitafuta.

Ndani kuna utulivu wa mahali palipojengwa kwa kazi nyingine. Majengo ya mwanzo yalikuwa chuo cha mafunzo cha shirika la umeme. Hapa vijana walifundishwa nyaya, nguzo na transfoma. Mwaka 2004 serikali iliyakabidhi kwa Waislamu ili waanzishe chuo kikuu, wakati Rais akiwa Benjamin Mkapa, Mkatoliki, na mwaka uliofuata masomo yakaanza. Ukijua historia hiyo unaiona: mabweni na madarasa yaliyopangwa kwa nidhamu ya mafundi, njia za saruji zinazonyooka. Msikiti upo ndani, na mtu hahitaji kuuliza njia, kwa kuwa kuanzia saa tano kila mtu anaelekea upande huo polepole. Wavulana wamevaa kanzu na kofia, wengine suruali na shati lililopigwa pasi ya kisawasawa. Wasichana wamevaa baibui nyeusi, kijivu, buluu ya bahari, wengine magauni mapana ya vitenge na mitandio iliyobanwa kwa pini. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya bizari na vitunguu vinavyokaangwa. Kulikuwa na harufu ya udi pia, hafifu, iliyopita na mtu mmoja na kuondoka naye.

Kila tuliyepishana naye alitusalimu asalaam aleykum. Mara ya kwanza mpwa wangu alibabaika, akasema salama. Mara ya pili akanyamaza na kutabasamu. Ni jambo dogo, lakini mtu anayeishi mahali hulikuta mara thelathini kwa siku, na nilimwona akilihesabu.

Aliyemtoa kwenye mashaka alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Tukuyu, Mmoraviani, anayesoma masomo yaleyale. Mlinzi ndiye aliyemwita. Alikuja na kitabu cha kemia kwapani, gauni refu la maua, mtandio mweupe uliolegea kidogo nyuma. "Shikamoo, baba," akaniamkia, kisha akamgeukia mwenzake. "Itikia tu, wa aleykum salaam. Ni amani wanakutakia, nawe watakie." Wakaondoka mbele yangu wakizungumza. Mimi nilibaki hatua chache nyuma, kwa makusudi.

Niliyoyasikia niliyasikia vipande vipande. Kwamba muhula wa kwanza adhana ya alfajiri ilimwamsha kwa kushtuka, na siku hizi huitumia kujisomea kabla mabafu hayajajaa. Kwamba mwezi wa Ramadhani huwezi kula hadharani mchana, kwa hiyo wachache wasiofunga hupika chumbani mapema na kufunga mlango. Na kwamba jioni ikifika wenzake humvuta mkono waende kufuturu, uji wa pilipili manga, tambi, magimbi ya nazi, na asipokwenda huletewa kwenye bakuli. Kwamba Jumapili anashuka mjini kusali na hakuna anayemwuliza alikuwa wapi. Amewahi kupewa vijitabu vya dini. Naye amewahi kumpa mwenzake Agano Jipya. Wote wawili bado wako chumba kimoja.

Mpwa wangu akamwuliza ni nini kigumu. Yule dada alifikiri kwa muda, akihamisha kitabu kwapa la pili.

"Darasani si kugumu. Kugumu ni usiku, mazungumzo ya chumbani yakifika kwenye dini. Wao wako ishirini, mimi niko mmoja. Hawanigombezi. Lakini ukinyamaza wanadhani huna la kusema, na ukisema unajikuta unalisemea kanisa zima. Mimi nimekuja kusoma kemia."

Sijasikia mtu akieleza ugeni kwa usahihi kuliko huo. Mgeni wa dini kwenye nyumba ya dini nyingine anageuzwa mwakilishi. Hata asipotaka, uvivu wake unakuwa uvivu wa Wakristo, bidii yake bidii ya Wakristo. Mzigo huo haumo kwenye fomu za kujiunga wala kwenye orodha ya ada, na ungestahili kutajwa kabla ya ada.

Adhana ilipoanza, ilianza karibu mno, kipaza sauti kikakohoa kwanza. Bomba za kutawadhia zikafunguliwa kwa pamoja na maji yakapiga saruji. Ndani ya dakika chache njia zote zikawa tupu. Mlangoni pa msikiti viatu vilijipanga kwa mamia, raba zilizochakaa, makubazi, viatu vya ngozi vya walimu, vyote vikielekeza visigino upande wa mlango. Maktaba ilifungwa. Mama wa kantini akafunika sufuria, akaingia upande wa wanawake. Hotuba ilikuwa ya Kiswahili na ilisikika chuo kizima. Imamu alizungumzia deni na amana, kwamba mtu akikukopesha kitabu amekukopesha na uaminifu wake. Wale wasichana wawili walikaa kwenye benchi la saruji chini ya mwarobaini. Karibu nao kulikuwa na fundi bomba anayekula muhogo na mwalimu mmoja anayesahihisha karatasi. Basi. Kwa muda wa karibu saa nzima chuo chote kilikuwa mahali pamoja, na hao wanne walikuwa nje.

Nilimtazama mpwa wangu wakati ule kwa uangalifu. Hakuonekana mwenye huzuni. Alikuwa akisikiliza hotuba.

Inafaa kukumbuka kwa nini chuo hiki kipo. Wakati wa ukoloni shule nyingi za bara zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu aliyempeleka mtoto wake huko aliogopa atarudi na jina jipya. Wengi hawakuwapeleka. Pengo lililofunguka hapo lilikuwa bado wazi nchi ilipopata uhuru, na ni sehemu ya sababu zilizofanya serikali izichukue shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969. Chuo kikuu kilikuwa cha serikali tu kwa miongo mitatu na zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa watu binafsi, na waliokuwa na majengo, walimu na waumini wa kuchangia wakatangulia: Walutheri Iringa na Moshi, Wakatoliki Mwanza, Waislamu Zanzibar kisha hapa. Dada yangu, anayehofia binti yake hataachwa kama alivyo, anaogopa kitu kilekile alichoogopa mama wa Kiislamu wa Kilosa au Tanga mwaka 1950, mbele ya geti la misheni. Hofu imehama nyumba tu. Siidharau, wale akina mama wa 1950 hawakuwa wakiwaza mambo ya kufikirika, watoto walibatizwa kweli. Lakini namwambia dada yangu kwamba mabinti wa siku hizi wanaingia getini wakiwa na umri wa miaka kumi na tisa au ishirini, na simu mkononi, na mlinzi wa getini hapa ndiye aliyemtafutia binti yake Mkristo mwenzake wa kuzungumza naye.

Tuliondoka saa nane baada ya wali na maharage ya kantini. Mama wa kantini alikataa kupokea pesa ya chai.

Njia ya Mazimbu kwa daladala hupita maduka ya mbao, gereji, mashine za kusaga, kisha mji unalegea na nafasi inaonekana. Kampasi ni kubwa. Ukubwa wake ndio unaokugusa kwanza: nyumba za chini, zenye paa pana, zimetawanyika kwenye ardhi tambarare yenye miti iliyopandwa na mtu aliyekusudia kukaa. Nyasi ndefu. Mbuzi wawili kwenye uwanja wa mpira. Barabara zinapinda bila haraka, na kutoka bweni hadi darasa mtu anatembea kweli, jua likimpiga utosini.

Hapa palikuwa shamba la mkonge. Baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976 vijana wa Afrika Kusini walivuka mipaka kwa maelfu, wengine wakiwa na sare za shule, na mwaka uliofuata Tanzania ikawapa wapigania uhuru wao ardhi hii. Walijenga shule, kwa fedha zilizotoka zaidi nchi za Skandinavia na kwa mikono yao wenyewe na ya mafundi wa Morogoro: madarasa, shule ya watoto wadogo, hospitali, karakana ya samani, shamba la mifugo. Ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Waliosoma hapa walikuwa wa makabila yote ya kwao. Wako waliosali na wako walioamini kwamba dini ni kikwazo cha mapinduzi, na walikula meza moja. Mwaka 1992 wakakabidhi kila kitu kwa serikali ya Tanzania na kurudi kwao. Waliofia huku walibaki. Makaburi yao yapo ndani ya kampasi, yamezungushiwa uzio, yamepangwa kwa safu, na umri ulioandikwa kwenye mawe mengine unamfanya mtu asome mara mbili.

Mpwa wangu alisimama pale muda mrefu. "Walikuwa rika langu, Mjomba," alisema. Kisha tukaenda kutafuta maabara, kwa sababu hicho ndicho alichokijia.

Hakuna aliyetuzuia getini Mazimbu, na hakuna aliyetuuliza. Wavulana wenye jinzi na fulana za timu za Ulaya, wasichana wenye suruali, wasichana wenye hijabu, mmoja mwenye rozari shingoni, wote walipita wakitazama simu. Mpwa wangu alikuwa amefungua kitenge kichwani tangu kwenye daladala na sasa alikishika mkononi, hajui akiweke wapi. Tuliuliza njia mara tatu. Tulijibiwa vizuri mara tatu, kwa kidole, bila mtu kusimama.

Maabara ilikuwa wazi. Harufu ya gesi na ya kitu kikali kilichooshwa juzi, meza ndefu zenye madoa ya kahawia, bureti zimesimama kwenye vishikio vyake. Fundi wa maabara, mama mwenye koti jeupe lililoungua pindo, alimruhusu aingie na akaacha kazi yake ili amjibu. Binti aliuliza maswali aliyokuwa ameyauliza pia asubuhi kule kwa Waislamu: darubini moja inatumiwa na wanafunzi wangapi, vitendo ni mara ngapi kwa wiki, kemikali zikiisha inakuwaje. Majibu ya mahali pawili hayakupishana sana. Lakini hapa aliruhusiwa kushika. Alifungua koki ya bureti, akaifunga, akatazama tone likikataa kudondoka.

Kwenye ubao wa matangazo nje ya ukumbi wa mihadhara karatasi zilibandikwa juu ya karatasi. Ratiba ya mitihani, godoro linauzwa, kitambulisho kimeokotwa. Zaidi ya nusu zilikuwa za dini: mkesha wa maombi, semina ya ndoa, darsa la vijana wa Kiislamu, misa ya kuwaaga wa mwaka wa tatu, kambi ya Wasabato. Anayedhani chuo cha serikali ni mahali pasipo na dini aje asome ubao huu. Geti halina dini. Walioingia ndani wamekuja nazo zote, na kila jioni madarasa yaleyale yaliyofundishiwa hesabu mchana yanagawanywa kwa vikundi vya sala, kwa ratiba inayogombewa kuliko ya mihadhara.

Saa kumi na mbili tulikuwa bado pale. Kutoka darasa moja zilisikika ngoma na kinanda, kutoka jingine watu wakisali rozari kwa sauti moja iliyotulia. Vijana wenye kofia nyeupe walipita kwenda kuswali magharibi. Mpwa wangu akavutwa na kinanda. Alisimama mlangoni, wakamwona, wakamkaribisha kwa mikono yote, akapewa kiti safu ya nyuma. Wimbo alikuwa anaujua. Lakini watu waliruka, wakapiga makofi, wakaanza kuomba kila mmoja kwa sauti yake, kwa nguvu, baadhi kwa ndimi, na binti huyu aliyelelewa na kitabu cha nyimbo na mchungaji anayehubiri akiwa amesimama mahali pamoja alikaa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alitoka kabla ya mahubiri. Wakristo wenzake walikuwa wamempokea vizuri kabisa, na alikuwa mgeni kati yao kuliko alivyokuwa chini ya mwarobaini saa saba mchana. Sikutegemea hilo, wala yeye hakulitegemea.

Nje tulizungumza na kijana kutoka Upareni, Msabato, aliyekuwa akiharakisha kufua kabla jua halijazama kwa sababu sabato yake ilikuwa inaingia. Alifua huku anatujibu, mikono ikiwa ndani ya povu. Ratiba ya chuo haijui dini ya mtu, alisema, na uzuri wake ni kwamba haimpendelei yeyote. Lakini jaribio likipangwa Jumamosi, ni yeye anayepaswa kuandika barua. Walimu wengi wanamwelewa. Wengine inabidi awaendee zaidi ya mara moja. "Ukisoma chuo cha dini fulani, wanajua wewe si wao, wanakutengea nafasi au wanakunyima, mojawapo. Hapa hakuna anayejua mpaka useme. Kwa hiyo unajifunza kusema." Akakamua shati, akalitundika, akatuaga.

Anayesoma chuo cha dini yake hahitaji kujieleza hivi. Watoto wa Kikatoliki kule Kola, upande wa pili wa mji, wanaingia kanisani kutoka darasani bila kuandikia mtu. Lakini nchi yetu ina mikoa ambayo chuo kilicho karibu, au chenye nafasi, au chenye kozi, ni cha wengine. Kijana Mwislamu wa Tabora anajikuta kwa Walutheri Iringa, binti wa Kipentekoste anavuka bahari kwenda kwa Waislamu wa Tunguu, Zanzibar. Mkopo wa serikali unamfuata popote, kwa kuwa bodi inakopesha wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi. Wanachohitaji ni mtu wa kuwaambia siku ya kawaida inakwendaje. Vipeperushi vya vyuo havisemi. Vinaonyesha joho na kofia za mahafali. Ninashauri kila mzazi mwenye nauli aende, na akifika aombe kuonana na mgeni mwenzake aliyetangulia, na amwulize mambo ya saa sita mchana na saa nne usiku.

Jumamosi asubuhi, kwa mama lishe wa nje ya geti la Mazimbu, juu ya supu na chapati, mpwa wangu alinipa mpangilio wake. Ataomba vyote viwili. Cha kwanza Mazimbu, kwa ajili ya maabara na kwa sababu anataka kujua kama anaweza kuwa mtu bila kutambulishwa. Cha pili Waislamu. "Nao si wa pili kwa ubaya, Mjomba. Kule nimeshaona nitakavyoishi."

Mimi ningepanga kinyume, na nilimwambia. Msichana anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza hutunzwa zaidi na mahali panapomweleza masharti yake getini. Upweke wa kampasi kubwa isiyouliza jina la mtu nimeuona ukiwamaliza vijana wenye akili, kimya kimya, mpaka matokeo ya muhula wa pili yanapotoka na wazazi kuanza kupiga simu. Mtandio unafungwa na kufunguliwa. Rafiki wa kukugongea mlango ukikosa kipindi hapatikani kwa urahisi. Alinisikiliza kwa adabu yote, akamega chapati, akabaki na mpangilio wake. Ana haki. Yeye ndiye atakayelala huko.

Lakini alikuwa amefikiria mbali kuliko mimi. Wanafunzi wengi wa vyuo vyote viwili hupanga mtaani, na usiku uliopita yule dada wa Tukuyu alikuwa amemtumia namba ya mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha, nyumba iliyo mahali ambapo bodaboda inafika geti lolote kati ya yale mawili kwa nauli ndogo. Tukaenda. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, ua wa saruji, tangi jeusi la maji juu ya mnara wa mbao, kamba za nguo zimejaa kanzu, jinzi, na magauni. Vyumba sita vinatazamana. Kwenye mlango mmoja ilibandikwa aya kwa Kiarabu, kwenye wa jirani picha ya Bikira Maria, kwenye wa tatu jedwali la elementi.

Mwenye nyumba alitoka na ungo wa mchele. Baada ya salamu alimwuliza binti mambo matatu: anapikia mkaa au gesi, ana redio kubwa, na usiku hurudi saa ngapi, kwa kuwa yeye hufunga geti saa nne na hamfungulii mtu. Chuo gani, hakuuliza. Mpwa wangu akajibu gesi, hapana, na kabla ya saa nne. Akaomba kuona bafu. Akafungua bomba, akasubiri maji, yakaja baada ya kukohoa, akauliza siku za mgao. Akapima chumba kwa hatua, ukuta hadi ukuta.

Mama alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ianze mwezi wa kumi, na kishika uchumba leo. Binti akasema matokeo bado, hajui hata kama atakuwa mwanafunzi, atampa ya miezi mitatu wakati huo ukifika. Mama akaweka ungo chini, akavuta kigoda. Mitatu hapana, minne labda. Mpwa wangu naye akatafuta pa kukaa.